Alama 4 kati ya 15: kisa cha mwanafunzi aliyetaka kuikimbia kalkulasi

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uchumi katika chuo kimoja hapa Dodoma. Katika testi ya kwanza ya kalkulasi, ile hesabu ya jinsi vitu vinavyobadilika, alipata 4 kati ya 15. Siku chache baadaye akaanza kuulizia fomu ya kuhama programu, akitaka kwenda kozi yoyote isiyo na hesabu, na katika kuulizia huko akaelekezwa kwangu kwa kuwa nilikuwa nasimamia semina za somo hilo. Ameridhia kisa chake kiandikwe mradi jina lake na la chuo yasitajwe. Dodoma ya sasa ina vyuo vya kutosha kumficha. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vyote vilivyoanza mwaka 2007, kuna Chuo cha Mipango, kuna CBE, yaani Chuo cha Elimu ya Biashara, na vingine, na hesabu za namna hii zinafundishwa karibu kote huko kwa majina mbalimbali.

Nakiandika kwa kirefu kwa sababu nimewaona vijana wengi wakiacha kozi walizozipenda bila kujua hasa ni nini kilichowashinda. Kwamba wameshindwa wanajua. Wameshindwa wapi, hawajui, na hakuna aliyekaa nao kuwaonyesha.

Alikotoka

Ametokea wilaya ya Kondoa. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, kama watoto wengi wa shule za serikali, kisha akaingia sekondari ya kata ambako kila somo isipokuwa Kiswahili lilikuwa kwa Kiingereza. Alipokuwa kidato cha pili, shule yao ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hisabati. Wanafunzi wa kidato cha nne ndio waliokuwa wakiingia darasani kuwaandikia mifano ubaoni, nao wakinakili. Kidato cha nne alifaulu vizuri masomo mengine, hisabati akapata D. Kwa hali ya nchi yetu D hiyo haina aibu yoyote: kwa miaka mingi wanaofaulu hisabati ya kidato cha nne wamekuwa takriban moja ya tano ya watahiniwa, na iko miaka ambayo hata hiyo haikufika.

Kidato cha tano na cha sita alisoma HGE, yaani historia, jiografia na uchumi. Somo la BAM, ile hisabati ya nyongeza wanayosoma wasiochukua hisabati kamili, alilisoma kama wengi wanavyolisoma: kwa kuwa halihesabiki kwenye pointi za kuingilia chuo, linapewa muda unaobaki. Uchumi aliupenda kwa dhati. Baba yake analima alizeti, na tangu utotoni amekuwa akijiuliza kwa nini bei inaanguka wakati ule ule watu wana mzigo wa kuuza. Mwalimu wake wa A-level alimwambia kwamba swali hilo lina majibu na kwamba kuna watu wanalipwa kulitafutia majibu. Akajaza uchumi kama chaguo la kwanza.

Alipofika chuoni alikuta mambo matatu kwa mpigo: ukumbi uliojaa mamia ya wanafunzi, mhadhiri anayekwenda kasi kwa Kiingereza, na simulizi za hosteli. Hizi za mwisho nazipa uzito kuliko watu wengi wanavyozipa. Kabla hajahudhuria mhadhara hata mmoja wa kalkulasi, wenyeji wa mwaka wa pili na wa tatu walikwishamwambia kwamba somo lile ndilo linalodiskoisha watu, yaani kuwaondoa chuoni, kwamba mwaka jana nusu ya darasa walikula sapu, yaani mtihani wa marudio, kwamba mtu wa HGE ajiandae kisaikolojia. Hakuna aliyemwonyesha matokeo halisi ya mwaka jana. Akaingia ukumbini akiwa na hukumu mkononi, akakaa viti vya nyuma kabisa ambako ubao hausomeki vizuri, na kile asichokiona akaamini ni kile asichokielewa.

Ile karatasi

Matokeo ya testi yalibandikwa ubaoni kwa namba za usajili. Karatasi zenyewe zilirudi baadaye, CR, yaani kiongozi wa darasa, akazipokea lundo, na sehemu kubwa ya lundo lile halikuwahi kuchukuliwa na wenyewe. Yeye yake aliichukua, akaikunja, akaiweka chini ya nguo begini. Hakuwahi kuisoma.

Alipofika ofisini alisalimia, akaketi ukingoni mwa kiti, akaniambia moja kwa moja kwamba hakuja kuomba kuongezewa alama, alitaka tu kujua utaratibu wa kuhama. Nilimwambia utaratibu upo na nitamweleza, ila kwanza naomba niione karatasi yake.

"Ipo hosteli, mwalimu. Lakini haina kitu."

"Kailete hivyo hivyo."

Akaenda, akarudi nayo. Tulikaa nayo mchana ule swali kwa swali, na ninaeleza kwa undani tulichokiona kwa sababu kisa chote kiko hapa.

Testi ilikuwa na maswali matano, kila moja alama 3. Swali la kwanza liliuliza limiti, yaani thamani inayokaribiwa, ya (x² − 9)/(x − 3) pale x inapoikaribia 3. Aliandika (x − 3)(x + 3) juu, akafuta (x − 3), akapata 6. Alama 3 zote. Yaani limiti, ile mada ambayo hosteli nzima inaitetemekea, aliipata bila kasoro.

Swali la pili lilitaka adiferenshieti 1/√x, yaani atafute kasi yake ya kubadilika. Hapa aliiacha 1 pale juu ilipo, akadiferenshieti √x peke yake kwa jibu la kukariri, akaiweka chini, na baada ya kupindua akaishia na 2√x. Sifuri. Nilimuuliza kama anajua kanuni ya kudiferenshieti x yenye kipeo. Aliitaja bila kusita: shusha kipeo mbele, punguza kipeo kwa moja. Nikamuuliza 1/√x ina kipeo gani. Kimya. Hakujua kwamba kipeuo cha pili ni kipeo cha nusu, na kwamba kikiwa kwenye asili, yaani chini ya mstari wa sehemu, kinapanda juu kwa alama ya kutoa, kikawa −1/2. Nilipomwandikia x yenye kipeo −1/2, alimaliza swali mwenyewe kwa mistari miwili.

Swali la tatu lilikuwa la logi: adiferenshieti logi asilia ya x³ mara √x. Alikuwa ameandika kwamba logi ya vitu viwili vilivyozidishwa ni logi ya kwanza mara logi ya pili. Ni jumla, siyo zao. Kosa hilo likiondoka, swali linakuwa jepesi kuliko la pili: logi inageuka 7/2 mara logi ya x, na jibu ni 7/(2x). Alipata sifuri.

La nne alikuwa ameliacha jeupe, hata namba ya swali hakuandika. Lilikuwa la maelezo, mistari minne ya Kiingereza kuhusu kiwanda, gharama zake na uzalishaji, kisha likauliza gharama ya kuongeza kipande kimoja pale kiwanda kinapozalisha vipande 30. La tano lilimtaka adiferenshieti x² + 3x kwa kuanzia kwenye maana yenyewe ya limiti. Maana aliiandika kikamilifu, akapewa alama 1. Kisha akafungua (x + h)² akapata x² + h². Ile 2xh ya katikati haikuwepo, na kwa kukosekana kwake jibu likawa 3 badala ya 2x + 3.

Tulipomaliza nilimpa kalamu nyekundu, nikamwomba aandike pembeni ya kila alama iliyopotea ni mada gani iliyoipoteza na inafundishwa kidato gani. Vipeo na vipeuo ni kidato cha pili. Logi, kidato cha pili. Kufungua mabano ya mraba, kidato cha pili. Alama 3 za swali la pili, 3 za la tatu, 2 za la tano. Jumla 8 kati ya 11 zilizopotea. Zilizobaki ni 3 za swali la nne, ambalo hakulijaribu. Nikamsomea swali hilo kwa Kiswahili, kwa mdomo: gharama ya jumla ni 500 jumlisha 20q jumlisha nusu ya q mraba, wanataka kujua kipande kimoja zaidi kinaongeza takriban shilingi ngapi ukiwa kwenye 30. Akaandika 20 + q, akaweka 30, akapata 50. Haikumchukua dakika.

Kwenye kalkulasi yenyewe hakuwa amepoteza hata alama moja.

Aliangalia zile nyekundu kwa muda. "Kwa hiyo, mwalimu, mimi nimefeli kidato cha pili?"

Nilimwambia hakufeli, hakufundishwa. Namaanisha hivyo. Msichana aliyenakili mifano kutoka ubaoni bila mwalimu, akabeba pengo hilo miaka yote ile hadi chuo kikuu huku akifaulu kila mtihani uliokuja mbele yake, hana tatizo la akili. Ana mada tatu ambazo hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kumwelekeza. Mada tatu hazihitaji fomu ya kuhama.

Kwa nini hakuliona pengo mwenyewe

Swali hili lilinisumbua, kwa sababu hakuwa mvivu. Alikuwa akikesha. Kaunta buku lake lilikuwa limejaa pasti pepa zilizotatuliwa, kwa mwandiko mzuri, zenye mistari ya rangi mbili. Nilipomwomba anieleze anavyosoma, alinionyesha: anafungua desa, yaani nakala ya maswali na majibu yake, lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp, anasoma swali, anasoma jibu mstari kwa mstari, kila mstari anaukubali, anahamia swali linalofuata. Kwa usiku mmoja anaweza kumaliza mtihani mzima wa mwaka uliopita. Asubuhi anaamka akiwa na uhakika kwamba amesoma, na kweli amesoma.

Kumtazama mama akisukuma chapati na kusukuma ya kwako ni vitu viwili. Jibu lililokwisha kuandikwa huwa linaonekana rahisi, maana mahali pagumu, pale unapotakiwa kuamua hatua inayofuata, pamekwisha kuamuliwa na mtu mwingine. Mstari uliogeuza 1/√x kuwa x yenye kipeo −1/2 aliupita kwenye desa mara nyingi. Kila mara aliukubali, na hajawahi hata mara moja kutakiwa kuuandika mwenyewe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu kisha likakisoma tena. Jingine lilisoma kisha likafunga na kuandika yote linayoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika kwa kukumbuka walibaki na takriban asilimia 56 ya yaliyomo, waliorudia kusoma takriban asilimia 42. Kwa mwanafunzi wangu matokeo haya yalieleza kitu alichokuwa akikiona kama laana, kwamba usiku anajua na kwenye chumba cha mtihani hajui. Usiku ule alikuwa bado ndani ya zile dakika tano.

Lakini naona sababu kubwa zaidi ya hiyo ni ile karatasi iliyokunjwa begini. Aliichukulia kama barua inayosema yeye ni nani, na barua ya namna hiyo mtu hataki kuisoma mara mbili. Kwa hiyo kitu pekee chuoni kilichokuwa na orodha kamili ya mambo ya kurekebisha kilikaa chini ya nguo, huku yeye akizunguka na hofu ya somo zima, kuanzia mada ya kwanza hadi ya mwisho. Hofu ya somo zima huwezi kuifanyia kazi. Huna pa kuanzia. Vipeo, logi na mabano unaweza kuvianza leo baada ya chakula cha jioni.

Na hapa vyuo vina sehemu yao. Alama inabandikwa haraka kwa sababu mfumo unaihitaji; karatasi inarudi kwa kuchelewa, na mahali pengine hairudi kabisa. Mwanafunzi anapewa hukumu bila maelezo ya hukumu. Nafahamu mzigo wa kusahihisha karatasi za mamia ya watu, nimeubeba. Hata hivyo testi ambayo karatasi yake haijarudi mikononi mwa aliyeifanya imefanya nusu tu ya kazi yake, na naona ni nusu ndogo.

Tulichofanya

Jambo la kwanza lilikuwa hesabu ya alama, kwa sababu alikuwa akiamini kwamba tayari ameshadisko. Somo lile lina alama 40 za muhula, yaani testi mbili za alama 15 na zoezi la kikundi la alama 10, na mtihani wa mwisho, UE, una alama 60. Kufaulu ni 40. Alikuwa na 4 za testi na 7 za zoezi la kikundi, jumla 11. Zilikuwa zimebaki alama 75 ambazo hakuna aliyezigusa, testi ya pili na UE, na ili afaulu alihitaji 29 kati ya hizo. Ili apate B, inayoanzia 50, alihitaji 39, nusu na kidogo. Aliandika namba hizo mbili kwenye jalada la ndani la kaunta buku lake. Fomu ya kuhama hakuiulizia tena.

Kisha kitabu cha hisabati cha kidato cha pili. Alikipata kwa mdogo wake wakati wa mapumziko ya Krismasi, Kondoa, akarudi nacho. Alikijalidi kwa gazeti ili maktaba wasione ni cha kidato gani, na mimi nilikubaliana naye kabisa, maana aibu hiyo ni ya kweli na kumwambia mtu asiione aibu hakujawahi kuiondoa. Sura zilikuwa tatu tu: vipeo na vipeuo, logi, na aljebra. Utaratibu ulikuwa mmoja. Anasoma mfano, anafunga kitabu, anaandika mfano ule mwenyewe kwenye karatasi tupu mpaka mwisho. Akikwama, anafungua, anaangalia mstari ule mmoja uliomkwamisha, anafunga, anaanza upya kutoka juu. Kesho yake, kabla ya kugusa kipya, anaandika tena ya jana bila kuangalia. Alilalamika kwamba inachosha na kwamba anakwenda polepole mno, akilinganisha na zamani alipokuwa akimaliza mtihani mzima kwa usiku mmoja. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Kazi ya namna hii inachosha, na ukurasa wake unakuwa mchafu.

Maswali ya maelezo yalihitaji dawa nyingine. "Nikiona mistari minne ya Kiingereza kabla ya hesabu, naona kama siyo swali langu," aliniambia. Nilimwelekeza asome sentensi moja, asimame, aandike pembeni kwa Kiswahili chake inasema nini, na kama kuna kiasi akipe herufi. Sentensi ya pili, vivyo hivyo. Mwisho wa swali anakuwa na mistari michache ya Kiswahili na herufi, na Kiingereza anakirudia wakati wa kuandika jibu. Wapo wanaoona kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu hatakiwi kufikiri kwa Kiswahili. Mtoto aliyejifunza kujumlisha, kugawanya na kulinganisha kwa Kiswahili atafikiri kwa Kiswahili akiwa na haraka, apende asipende, na ni afadhali afanye hivyo waziwazi, kwa utaratibu, kuliko kuacha ukurasa mweupe.

Swali la kwanza alilolimaliza peke yake kwa njia hiyo nililitunga mimi kwa makusudi kuhusu zabibu za hapa hapa. Mkulima wa zabibu, kila anavyopeleka kreti nyingi sokoni bei inashuka. Mapato yake ni 140q − q², gharama zake ni 200 + 20q + q². Apeleke kreti ngapi ili faida iwe kubwa kuliko zote? Alitoa gharama kwenye mapato, akapata 120q − 2q² − 200, akadiferenshieti, akaweka sawa na sifuri, akapata 30. Kisha akafanya kitu ambacho sikumwomba: akajaribu 29 na 31 kwa mkono kuhakiki, akakuta faida zote mbili ni 1,598, na ya 30 ni 1,600. Aliniuliza kama hii ndiyo inayowatokea wakulima wa alizeti wakipeleka wote kwa pamoja. Nikamwambia huyo ni mkulima mmoja, wakiwa wengi hesabu inabadilika, na kwamba atafika huko mwaka wa pili.

Kikundi

Alikuwa na kikundi cha diskasheni tangu mwanzo. Walikuwa zaidi ya kumi, wanakutana usiku kwenye darasa tupu hadi mlinzi aje kufunga. Mmoja anayejua anaandika ubaoni, wengine wananakili. Nililiona hilo kwa macho yangu: chumba kimejaa, kimya, na mtu mmoja tu ndiye anayefanya hesabu.

Miaka ya 1970, Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alishangaa kwa nini wanafunzi weusi walikuwa wakifeli sana kalkulasi ya mwaka wa kwanza wakati wanafunzi wenzao wenye asili ya China walikuwa wakifanya vizuri. Walimu walikuwa na maelezo yao tayari, kuhusu ari, maandalizi na hali za nyumbani. Treisman akaenda kuishi na swali badala ya kulijibu, akawafuatilia wanafunzi wenyewe hadi vyumbani kwao. Alichokuta ni kwamba wale wa kwanza walisoma kwa bidii, lakini kila mmoja peke yake, na akikwama anabaki na kukwama kwake akidhani ni yeye tu. Wale wa pili walifanya maswali kila mtu kwanza, kisha wakakutana kukaguana, wakajua mapema ni swali gani gumu kwa kila mtu na lipi limemshinda mmoja. Alianzisha warsha ambazo wanafunzi walipewa maswali magumu kuyashughulikia pamoja, bila kuwaita dhaifu, na waliohudhuria wakapanda kwa kiasi kikubwa.

Nilimweleza habari hiyo, naye akaenda kuibadilisha diskasheni yake bila kunisubiri. Walibaki wanne. Kanuni yao ilikuwa kwamba hakuna anayekuja bila kuwa amelijaribu swali, hata kama amekwama mstari wa kwanza. Karatasi zinawekwa mezani kwanza, ndipo mtu aongee. Waliongea Kiswahili, waliandika Kiingereza. Jioni moja nilipita nikawakuta wakibishana vikali kuhusu alama ya kutoa kwenye mstari mmoja, na aliyekuwa amesimama akitetea mstari wake alikuwa yeye, binti wa viti vya nyuma. Alikuwa amekosea, na mwenzake alimwonyesha. Akafuta, akaendelea. Mbele yangu, bila kukunja karatasi.

Matokeo, na mipaka yake

Testi ya pili alipata 9 kati ya 15, akaingia kwenye UE akiwa na 20 kati ya 40. Kwenye UE alipata 33 kati ya 60. Jumla 53, ambayo ni B. Hakupata A, na sikutarajia. Pengo la kidato cha pili lilizibika kwa sehemu kubwa, ila maswali ya mwisho ya mtihani, yaliyochanganya mada mbili au tatu kwa wakati mmoja, bado yalimchukua muda mrefu kuliko muda aliokuwa nao, na swali moja hakulifikia. Kasi inahitaji mazoezi ya muda mrefu zaidi ya muhula mmoja.

Hofu pia haikuisha. Aliniambia kwamba asubuhi ya UE mikono ilitetemeka kama ilivyotetemeka siku ya testi ya kwanza. Kilichobadilika ni alichokifanya nayo: alipitia karatasi yote, akatafuta swali moja alilokuwa na uhakika nalo, akaanza nalo, na kufikia swali la tatu mikono ilikuwa imetulia. Namwamini, kwa kuwa kwenye karatasi yake mwandiko wa swali la kwanza alilojibu umepinda na wa mwisho umenyooka.

Katika wale wanne, wawili wengine nao walifaulu moja kwa moja. Wa nne alikula sapu, na ni haki nieleze habari zake pia, maana njia hii haikumfaa na nisingependa mtu asome kisa hiki akadhani ni dawa ya kila mwanafunzi anayefeli. Tulisoma karatasi yake ya UE kwa namna ile ile, swali kwa swali. Makosa yake hayakuwa na mada. Mada alizokuwepo alizijua vizuri, mada za wiki alizokosa mihadhara hakuwa na chochote. Alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu kati ya Majengo na Sabasaba siku nyingi za wiki kwa sababu mkopo wake haukufikia mahitaji na nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Kwa huyo kitabu cha kidato cha pili hakina msaada. Alihitaji siku za kukaa darasani. Nilimpeleka kwa mshauri wa wanafunzi, wakaandaa pamoja rufaa ya mkopo, na wenzake watatu wakagawana mada alizozikosa, kila mmoja akakaa naye juu ya zake wakati wa likizo. Sapu aliifanya, akapata C. Rufaa bado inasubiri majibu.